Ken Walibora (1965–2020): Safu ya Gazeti, Riwaya, na Swali la Nani Mswahili

Historia ya fasihi ya Kiswahili, kama inavyofundishwa vyuoni, huandikwa kwa kufuata vitabu. Huanza na tendi za Pate na Lamu, ikapitia kwa Muyaka wa Mombasa, ikafika kwa Shaaban Robert, kisha ikazihesabu riwaya na tamthilia moja baada ya nyingine. Magazeti hutajwa njiani tu, kama ukumbi ambao mgeni huupita akielekea chumbani. Hata hivyo, mwenye kuchunguza ataona kwamba kwa muda mrefu waandishi wetu walikaa ukumbini humo humo. Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, ndilo lililowazoesha wasomaji majina ya washairi wengi kabla ya majina hayo kuchapwa juu ya jalada lolote, na Shaaban Robert mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Muhammed Said Abdulla, aliyetupatia Bwana Msa, aliyafanyia kazi magazeti ya Unguja, na riwaya yake ya kwanza ilitoka wakati yeye ni mhariri wa Mkulima. Kwa hiyo tunapomtaja mwandishi wa vitabu aliyekuwa pia mtu wa gazeti, hatutaji jambo la ajabu. Tunataja desturi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha na kazi ya mmoja wa watu wa desturi hiyo, Ken Walibora wa Kenya, aliyeandika safu katika gazeti la Taifa Leo la Nairobi na ambaye riwaya zake zilisomwa na vijana wengi wa nchi yake kuliko za waandishi wengi wa kizazi chake. Kuna sababu ya kumchagua yeye na kuwaacha wengine. Walibora hakuzaliwa pwani, wala Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Alikuwa mtu wa bara aliyeifanya lugha hii kuwa kazi yake, chakula chake na, kama tutakavyoona, hoja yake. Wasomaji wa taarifa hii, ambao wengi wao walikipata Kiswahili katika miji ya migodi, mbali sana na bahari, hawatahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo linatuhusu.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1965 huko Baraki, katika Bungoma, magharibi mwa Kenya, katika jamii ya Wabukusu. Baadaye makao ya familia yakawa upande wa Cherangani, karibu na Kitale. Inafaa tusimame kidogo hapo Kitale. Eneo la Trans Nzoia lilikuwa katika nyanda zilizotengwa kwa walowezi wa Kizungu wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba yale makubwa yaligawanywa na kununuliwa, na watu wa makabila mbalimbali wakaja kukaa jirani kwa jirani: Waluhya wa koo mbalimbali, Wakalenjin, Wakikuyu, Waturkana na wengineo. Mahali kama hapo hapana lugha ya mji inayomlazimisha mgeni ajifunze. Kuna haja tu ya kuelewana na jirani, na Kiswahili hujaza haja hiyo. Atakayekumbuka jinsi kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilivyowakusanya vibarua kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, na jinsi kambi zake zilivyokuja kusema Kiswahili ambacho hakikuwa cha baba wa mtu yeyote pale, atatambua kuwa jambo lenyewe ni lile lile. Tofauti ni kwamba pale palikuwa na mahindi, na hapa shaba.

Mtoto aliyekulia Kitale, basi, angaliweza kuridhika na Kiswahili cha kuagizia chumvi dukani. Sera ya elimu ya Kenya ilimsogeza mbali zaidi yeye na wenzake. Mfumo wa masomo ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, lenye mtihani, katika shule za msingi na za sekondari. Mwanafunzi ambaye hapo awali angalikikwepa hakuwa tena na njia ya kukikwepa. Matokeo yake yalikuwa mawili, na yote mawili yanaeleza maisha ya Walibora: walihitajika walimu wengi wa lugha, na vilihitajika vitabu vya kusomwa darasani. Soko la riwaya ya Kiswahili nchini Kenya lilijengwa na mtihani. Hatusemi hivyo kwa kudharau. Fasihi nyingi zimelelewa na walezi wabaya kuliko huyo.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya ualimu wala ya uandishi. Aliajiriwa na serikali kuwa afisa wa probesheni, yaani mtu anayemfuatilia mkosaji ambaye hakimu hakumfunga, akaenda nyumbani kwake, akauliza majirani, akaandika ripoti juu ya mwenendo wake na jamaa zake. Wahakiki wengi huutaja ukweli huu katika mstari mmoja na kuendelea. Sisi tunauona kuwa na uzito. Riwaya zake zimejaa watoto walioachwa, watu waliofungwa kwa makosa ya wengine, nyumba ambazo mwenye nyumba ana sura moja barazani na nyingine jikoni. Mambo kama haya afisa wa probesheni huyakuta kila wiki, naye hufunzwa kuyaandika kwa lugha iliyo wazi, kwa sababu anayeisoma ripoti ni hakimu asiye na muda.

Riwaya ya kwanza, Siku Njema, ilitoka mwaka 1996. Ndiyo iliyompa jina, na ndiyo tunayotaka kuikalia kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hoja yake yote imo humo, hata ile aliyokuja kuitetea gazetini baadaye. Mhusika mkuu ni kijana wa Tanga. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu. Baba yake, Juma Mukosi, ni mtu wa Kitale aliyerudi kwao na ambaye hakumlea mwanawe. Mama anafariki, kijana anabaki katika mikono ya watu wasiomtakia mema, kisha anafunga safari ndefu kutoka Tanga hadi Mombasa, na kutoka Mombasa hadi Kitale, akimtafuta baba yake. Hicho ndicho kisa kwa ufupi, nacho kinafanana na hadithi nyingi za yatima anayeteswa na kufanikiwa.

Jina la kijana huyo, hata hivyo, ni Kongowea Mswahili. Mwandishi wa kawaida angalimwita Hassani au Yusufu na kazi ingaliendelea. Kongowea ni jina la kale la Mombasa yenyewe, linalotajwa katika mapokeo ya Mwana Mkisi, yule malkia ambaye wenyeji humhesabu kuwa asili ya mji kabla ya Shehe Mvita. Leo ni jina la mtaa na soko kubwa upande wa bara wa mji huo. Kwa hiyo kijana amepewa jina la mji mkongwe wa Waswahili, na juu yake akaongezewa Mswahili, kana kwamba jina la kwanza halikutosha. Lakini damu yake ni nusu ya pwani na nusu ya bara. Anayestahili kuitwa Mswahili kwa ukamilifu wote ule, anatuambia mwandishi, ni mtu ambaye wajuzi wa nasaba wangalimkatalia.

Tukumbuke hali ya mjadala wenyewe wakati huo. Swali la Mswahili ni nani lilikuwa limezungumzwa sana na wataalamu katika miaka iliyotangulia, wengine wakisema Waswahili ni kabila lenye miji, nasaba na dini yake, wengine wakisema ni kila aliyeifanya lugha kuwa yake. Mjadala ulifanywa katika makongamano na majarida. Walibora aliuchukua akaupa miguu, akaupandisha njia kutoka pwani hadi bara. Safari ya Kongowea inageuza mwelekeo tuliouzoea, kwa sababu katika hadithi nyingi za Kenya mtu wa bara ndiye anayeshuka Mombasa kutafuta kazi au ustaarabu. Hapa Mswahili ndiye anayepanda bara, na bara anakuta urithi wake.

Hatupaswi kuficha kasoro za kitabu. Mambo hutukia kwa bahati mno. Watu wanaotafutana hukutana pale hasa panapohitajika wakutane, na wema hulipwa kwa wakati kama mshahara wa mwisho wa mwezi. Lugha nayo imepambwa kwa methali na tashbihi hata pale mhusika anapoumwa na njaa. Lakini mapambo hayo yalikuwa na kazi. Mwanafunzi wa Kakamega au Machakos aliyelazimishwa na mtihani kuisoma Siku Njema, maana iliteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari, alikutana na Kiswahili kilichoshiba, kilichoandikwa na mtu aliyetoka kijijini kama yeye. Vijana wengi waliandika insha zao kwa kumwiga Kongowea. Miaka mingi baadaye kitabu kilifasiriwa kwa Kiingereza na Dorothy Kweyu, ambaye naye, kwa desturi tuliyoieleza, ni mtu wa magazeti.

Baada ya probesheni Walibora aliingia katika utangazaji, akasoma habari kwa Kiswahili, na baadaye akawa katika televisheni ya kampuni ya Nation, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1999. Kampuni hiyo hiyo ndiyo inayomiliki Taifa Leo. Historia ya gazeti hili ina jambo moja ambalo hata Wakenya husahau. Lilianza likiitwa Taifa mwaka 1958, chini ya Charles Hayes; mwaka uliofuata likanunuliwa na Aga Khan; mwanzoni mwa 1960 likawa gazeti la kila siku kwa jina la Taifa Leo. Daily Nation, gazeti la Kiingereza ambalo kila mtu hulihesabu kuwa mkubwa wa nyumba, lilifuata mwezi Oktoba mwaka huo huo. Mtoto wa Kiswahili ndiye aliyekuwa kifungua mimba, kisha akaja kufanywa mdogo kwa sababu matangazo ya biashara yalikwenda kwa mwenzake. Anayeandika safu katika gazeti kama hilo anajua kwamba wasomaji wake ni wengi kuliko fedha zake.

Safu aliyojulikana nayo zaidi iliitwa Kauli ya Walibora. Humo alizungumza juu ya lugha, fasihi, tafsiri na ufundishaji. Mara nyingi aliingia katika hoja kupitia kisa kidogo: mtu aliyekutana naye, safari aliyoifanya, neno alilolisikia likitumiwa vibaya. Kutoka hapo alipanda taratibu hadi kwenye jambo lenyewe. Anayezifahamu riwaya zake ataitambua mbinu, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo: jambo kubwa hupewa mtu mmoja wa kulibeba.

Safu si jambo rahisi kulipima. Mwanafasihi hulipuuza kwa kuwa ni fupi na hufungiwa maandazi siku ya pili. Mwanaisimu hulipuuza kwa kuwa halina majedwali. Lakini lugha inayokua huhitaji mahali ambapo maneno mapya hujaribiwa mbele ya watu wasio wataalamu. Katika Kenya ya Walibora haja hiyo ilikuwa kubwa. Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa maandishi, hadhi ilikuwa imekamilika. Katika vyumba vya habari, hata hivyo, taarifa nyingi ziliendelea kufika kwa Kiingereza na kutafsiriwa kwa haraka na mtu anayetazama saa, na katika tafsiri hizo za haraka ndimo lugha huvunjika mifupa. Walibora aliyajua hayo kwa kuyafanya, maana alisimamia pia ubora wa Kiswahili katika kampuni hiyo. Safu yake ilikuwa kama ukarabati unaofanywa hadharani.

Ni vizuri kumlinganisha na mwandishi mwingine wa safu wa nchi yake, Wahome Mutahi, aliyefariki mwaka 2003, ambaye kwa miaka mingi aliwachekesha Wakenya kwa safu ya Kiingereza iliyoitwa Whispers. Mutahi, aliyewahi kufungwa katika miaka ya 1980 kwa tuhuma za siasa, alichukua Kiingereza cha wakubwa akakijaza Kiswahili na Kikuyu mpaka kikacheka chenyewe. Kuchanganya lugha kulikuwa silaha yake. Walibora alikwenda njia nyingine. Alikataa kuchanganya. Katika riwaya zake hata mkulima wa Kitale husema Kiswahili sanifu kilichonyooka, na katika safu alikuwa mlinzi wa sarufi. Mmoja aliona kwamba lugha ya mtawala hudhoofishwa kwa kuvurugwa. Mwingine aliona kwamba lugha ya wote haitaheshimiwa mpaka iandikwe vema kama lugha yoyote ya dunia. Hatuna haja ya kuchagua kati yao, ila tunaona kwamba kazi ya Walibora ilikuwa na kicheko kidogo na jasho zaidi.

Kati ya safari zake za gazetini palikuwa na masomo. Baada ya shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi alikwenda Marekani, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 2009, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Tasnifu yake ilihusu masimulizi ya vifungo vya kisiasa nchini Kenya. Miongoni mwa waandishi aliowachunguza kwa makini ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijarida chake Kenya: Twendapi? na ambaye mashairi aliyoyatunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mtu aliyeanza kazi kwa kuwafuatilia waliokwepa jela akamaliza masomo kwa kuwasoma walioingia. Kazi zake za kitaaluma za Kiingereza mara nyingi zina jina Ken Walibora Waliaula. Vitabu vya Kiswahili vina Ken Walibora peke yake. Kwa Kiingereza alibaki na jina la nyumbani. Kwa Kiswahili alijiita jina ambalo kila msikilizaji hulisikia neno bora ndani yake.

Angaliweza kukaa Madison. Walimu wengi wa Kiswahili kutoka Afrika Mashariki walikaa, na hakuna awezaye kuwalaumu, kwa kuwa mishahara tunaijua. Yeye alirudi Nairobi, gazetini, na baadaye akafundisha pia katika Chuo Kikuu cha Riara.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameandika Kufa Kuzikana, iliyotoka mwaka 2003. Ni habari ya urafiki wa vijana wawili wa makabila yanayochukiana, katika nchi ya kubuni ambayo msomaji wa Kenya hakuhitaji ramani kuitambua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mara siasa ya vyama vingi iliporudi, Trans Nzoia na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zilikuwa zimeshuhudia nyumba zikichomwa na majirani wakifukuzwa kwa sababu ya kabila. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mambo hayo yalirudi kwa ukubwa zaidi, na watu wakaisoma upya riwaya hiyo kana kwamba ilikuwa imetabiri. Haikutabiri kitu. Ilikumbuka yale ambayo wengine walikuwa wameamua kuyasahau.

Msomaji wa Lubumbashi, Likasi au Kolwezi hawezi kuyasoma hayo kwa utulivu. Miaka hiyo hiyo ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Katanga, walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala kwenye vituo vya gari moshi wakingoja mabehewa. Waliofukuza na waliofukuzwa walitukanana kwa Kiswahili kimoja. Hapa ndipo hoja ya Siku Njema inapojaribiwa vikali. Ikiwa lugha ndiyo inayomfanya mtu kuwa Mswahili, mbona haikumfanya kuwa jirani? Walibora, kwa maoni yetu, aliliona swali hilo, na Kufa Kuzikana ni jibu la mtu ambaye hajaridhika na jibu lake la kwanza. Lugha moja haikutosha. Ilibidi pawe na watu wawili waliokubali kuzikana.

Riwaya iliyosomwa zaidi katika muongo uliofuata ni Kidagaa Kimemwozea, ya mwaka 2012, nayo iliteuliwa kwa mtihani wa sekondari. Mtemi Nasaba Bora wa Sokomoko ni mtawala aliyejitajirisha kwa ardhi ya wengine. Amani, kijana anayemchungia ng'ombe, ana kisasi cha ukoo moyoni. Majina ya wahusika yanatuambia mno: Amani, Imani, Majisifu. Tungependa mwandishi amwachie msomaji kazi kidogo. Lakini kuna sehemu moja iliyotoka ndani ya mtu aliyeishi kati ya wahariri na wachapishaji. Amani ni mwandishi, na mswada wake umeibwa. Umetoka kitabu chenye jina la Mwalimu Majisifu, nduguye mtemi. Ndugu mmoja anaiba shamba, mwingine anaiba maneno, na riwaya inatutaka tuone kuwa wizi huo ni mmoja. Katika vyuo vyetu, ambapo tasnifu hunakiliwa na majina hubadilishwa kwenye jalada, ukurasa huo ungefaa kubandikwa mlangoni mwa maktaba.

Kisha akaandika tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama. Hatutaifafanua hapa, inastahili makala yake.

Tarehe 10 Aprili 2020, wakati Kenya ilikuwa chini ya masharti ya ugonjwa wa korona, Walibora aligongwa na matatu katika barabara ya Landhies, Nairobi. Alipelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta bila mtu kumtambua. Jamaa na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa, na mwili wake ukatambuliwa katika chumba cha maiti tarehe 15. Uchunguzi ulionyesha pia jeraha la kisu mkononi, na maswali juu ya dakika zake za mwisho yakazidi. Mtu aliyejulikana kwa sauti na sura katika nyumba za nchi nzima alilala siku hizo akiwa hana jina. Alizikwa Cherangani mwezi huo huo, na kwa kuwa idadi ya waombolezaji ilikuwa imewekewa mpaka, wengi waliokusudia kumzika walimwombolezea magazetini, kwa mashairi na kwa tanzia, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amewaombolezea wengine.

Linabaki jambo la lugha, ambalo mwanaisimu wa Kongo hawezi kulipita kimya. Walibora alimfungulia mtu wa bara mlango wa Uswahili, lakini pale mlangoni alisimamisha sarufi. Aliyeingia alitakiwa aingie na Kiswahili sanifu. Sisi tunasema mutu na batu, tunasema batoto. Hivyo ndivyo Edgard Polomé alivyokikuta Kiswahili cha Lubumbashi alipokichunguza katika miaka ya 1960, na hivyo ndivyo kilivyo hadi leo katika vinywa vya watu wazima wenye heshima zao. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Lingala na Ciluba kuwa lugha za taifa, bila kusema ni Kiswahili kipi. Kwa kipimo cha safu ya Walibora, barua nyingi zinazoandikwa katika mji wetu zingerudishwa na wino mwekundu. Je, mwandishi aliyempa Kongowea jina la Mswahili angalitupa sisi?

Tumelirudia swali hilo mara kadhaa tukiwa na riwaya mkononi, na kila mara jicho letu limesimama juu ya jina la baba yule wa Kitale. Katika kitabu kizima kilichosafishwa hadi sentensi ya mwisho, ambamo kila mtu husema sanifu, baba anaitwa Mukosi. Silabi ile ya kwanza imebaki na irabu yake nzima, kama inavyotamkwa Kitale, kama ambavyo ingetamkwa Likasi. Mtu wa pwani angaliimeza u ile, na mara angemwita Mkosi, neno ambalo kwa Kiswahili ni bahati mbaya, balaa la kumkimbia. Katika riwaya, mtu huyo ndiye ambaye Kongowea anamtafuta tangu Tanga.